Kolomna, matufaha na halua ya ami

Mgeni wa Moscow akiuliza aende kutembea mji gani wa kale, jibu huwa Suzdal, au Sergiev Posad kwa asiyetaka kwenda mbali. Ni miji mizuri, sina neno nayo. Lakini mimi nasomea teknolojia ya chakula, na tangu siku mwalimu wetu wa somo la vyakula vitamu alipotaja pastila, tamutamu ya mji wa Kolomna, na namna ilivyopotea ikarudi, niliona safari yangu ya kwanza ya nje ya Moscow ni lazima iwe huko. Ilibaki kupata watu wa kufuatana nao na Jumamosi isiyo na mvua.

Watu wakapatikana. Mimi wa Wete, Pemba. Kaka mmoja wa Lamu anayesomea uhandisi wa ujenzi. Dada wa Bujumbura ambaye yuko mwaka wa mwisho wa udaktari na hakuwa na siku ya kupumzika tangu Agosti. Na rafiki yetu Mrusi anayesoma Kiswahili chuo kikuu. Huyu wa nne ndiye aliyetukokota. Kiswahili chake ni cha vitabuni, safi, na kila mtu kwake ni "ndugu". Bibi yake mzaa mama anaishi Kolomna, na alishatuambia mara nyingi kwamba mwisho wa Septemba ndio wakati wa kwenda, kwa sababu ya matufaha.

Tulipanda elektrichka stesheni ya Kazansky saa moja na nusu asubuhi. Hii ni treni ya umeme ya watu wa kawaida: wafanyakazi, wanafunzi, na wazee wenye ndoo tupu wanaokwenda mashambani kwao. Wauzaji wanapita behewa kwa behewa na soksi, tochi na visu vya kumenyea viazi, wakitangaza kwa sauti kubwa kama makondakta wetu. Kolomna iko kama kilomita 115 kusini-mashariki ya Moscow, mwendo wa saa mbili na kidogo. Nje ya dirisha miti ile ya magome meupe ilikuwa imegeuka manjano mitupu, na dada wa Bujumbura akalala kichwa kimeegemea kioo mpaka Voskresensk. Hakuna aliyemwamsha.

Kolomna haijakaa kama pambo la kutazamwa na wageni. Ni mji wa kazi, una zaidi ya watu laki moja, una tramu tangu 1948, na una kiwanda cha vichwa vya treni kilichoanzishwa 1863 na mhandisi Amand Struve, aliyefika kujenga daraja la reli juu ya mto Oka. Tramu ikatupitisha kwenye magorofa ya kizamani ya Kisovieti, maduka ya dawa, skuli, kisha ghafla ukuta mwekundu ukajitokeza juu ya miti, mkubwa kuliko nilivyoutarajia.

Ngome hii, Kremlin ya Kolomna, ilijengwa baina ya 1525 na 1531, enzi ya Vasily wa Tatu. Sababu yake ilikuwa hofu. Mwaka 1521 jeshi la Watatari wa Crimea lilivuka mto Oka na kufika karibu na Moscow, na Kolomna ndiyo iliyokuwa njiani. Hata kabla ya hapo mji huu ulikuwa mlango wa Moscow. Mwaka 1366 mtawala Dmitry, aliyekuja kuitwa Donskoy, alifungia harusi yake hapa kwa sababu Moscow ilikuwa imeteketea kwa moto mwaka uliotangulia. Na mwaka 1380 alikusanya majeshi yake hapahapa kabla ya kwenda kupigana na Mamai, jemadari wa Watatari, kwenye uwanja wa Kulikovo. Sanamu yake juu ya farasi imesimama nje ya ukuta, na watoto wanapanda kwenye kitako chake kupiga picha.

Kaka wa Lamu hakuitazama sana sanamu. Alikwenda moja kwa moja kwenye lango la Pyatnitskie na kusimama chini ya tao lake, kichwa juu, akasoma ukuta kama mtu anayesoma barua. Akatuonyesha msingi wa mawe meupe ya chokaa, juu yake matofali, na pale ambapo ukuta umekatika, namna mawe ya vipandevipande yalivyoshindiliwa katikati na kufungwa kwa chokaa. Chokaa anaijua tangu udogo, baba yake ni fundi wa nyumba za mawe. Alizungumza kwa muda mrefu, na sote tulimsikiliza, kwa sababu mtu akizungumza kitu anachokijua kwa mikono yake huwezi kumkatiza.

Ukuta mwingi haupo tena. Urefu wake ulikuwa karibu kilomita mbili. Leo imebaki minara saba na vipande vya ukuta. Hakuna adui aliyeubomoa. Vita viliposogea mbali, na mpaka wa nchi ukahamia kusini, wenyeji walianza kuchukua matofali wakajengee majiko, mabanda na nyumba zao, mpaka amri ya Nikolai wa Kwanza ya mwaka 1826 ilipokataza kuvunja majengo ya kale. Rafiki yetu Mrusi alisema bila shaka jiko la bibi yake lina tofali la Kremlin ndani yake. Mimi sikuliona hilo kuwa jambo baya. Ukuta uliwalinda watu kwa karne mbili, kisha ukawapikia.

Ndani ya ngome kuna watu wanaishi. Hili ndilo lililonifurahisha kuliko makanisa. Nyumba za mbao zenye fremu za madirisha zilizochongwa maua, zimepakwa buluu na kijani, nguo zimeanikwa, paka amekaa juu ya rundo la kuni, mwanamke anachimba karoti hatua chache kutoka kanisa kuu la Uspensky, lililosimama hivi lilivyo tangu 1682. Kwetu Mji Mkongwe nimezoea kuona nyumba moja baada ya nyingine ikigeuzwa hoteli, wenyewe wakihamia mbali. Hapa mtoto alitoka na begi lake la muziki mgongoni, akafunga lango, akatuamkia, akaenda zake.

Mnara mrefu kuliko yote uko upande wa mtoni, una kama mita 30, na unaitwa mnara wa Marina. Ukiutazama kwa mbali ni duara. Ukiukaribia unaona una pande 20. Marina Mniszech alikuwa binti wa bwana mkubwa wa Poland. Aliolewa na mtu aliyejidai kuwa Dmitry, mtoto wa mfalme Ivan wa Kutisha, akatawazwa Moscow Mei 1606, na siku chache baadaye mumewe akauawa. Akatokea mtu wa pili aliyejidai kuwa Dmitry yuleyule, naye Marina akamkubali kuwa mumewe. Huyo naye akauawa 1610. Mwaka 1614 akakamatwa pamoja na mtoto wake Ivan. Mtoto alinyongwa hadharani Moscow. Wenyeji wa Kolomna wanasema mama yake alifungwa minyororo katika mnara huu mpaka akafa, na kwamba usiku aligeuka ndege akatoka kwa tundu la dirisha.

Dada wa Bujumbura akauliza, "Mtoto alikuwa na umri gani?"

"Hakutimiza miaka minne," akajibu rafiki yetu.

Akakaa kwenye nyasi akautazama ule mnara bila kusema kitu. Mwaka huu anafanya mazoezi wodi ya watoto. Hatukumharakisha. Nikafikiri ya wale wakubwa waliokaa chini wakaona mtoto wa umri ule ni hatari kwa dola, wakaandika amri, wakatia muhuri.

Tukaingia monasteri ya wanawake ya Novo-Golutvin, iliyo ndani ya ngome. Mlangoni kuna kikapu cha mitandio na vitambaa vya kujifunga kiunoni kwa wanawake waliokuja vichwa wazi au wamevaa suruali. Dada wa Bujumbura na rafiki yetu wakachagua vyao. Mtawa mzee aliyekuwa akifagia majani akanitazama mimi na ushungi wangu, akauweka ufagio kando, akatikisa kichwa kwa kuridhika na kuniamkia kwa Kirusi cha upole. Nilimwitikia kwa adabu zote nilizofundishwa nyumbani. Ua wake umejaa maua ya vuli, zambarau na manjano, yamepandwa kwa mkono wa mtu anayejua.

Adhuhuri niliiswali pembeni ya bustani, kaka wa Lamu mbele, mimi nyuma, kwenye kilemba chake alichokitandika juu ya majani makavu. Wapita njia walipita mbali kidogo, kwa heshima.

Baada ya hapo njaa. Kolomna wana mkate wao unaoitwa kalach, wa ngano, unaookwa katika tanuri la kuni. Unga wake hukandwa kwa muda mrefu mahali pa baridi, kisha hutengenezwa umbo la kufuli: tumbo nene, na juu mkono mwembamba wa kushikia. Aliyetuuzia alieleza kwamba zamani mtu wa kazi, mikono yake michafu, aliushika hapo kwenye mkono, akala tumbo, na mkono akampa maskini au mbwa. Sisi tulikula wote. Tuliununua wa moto, ukapakwa siagi, na pembeni tukanywa sbiten, kinywaji cha asali na viungo kinachonywewa moto. Nilipokisogeza mdomoni nikasimama. Karafuu! Ndani yake kuna tangawizi na mdalasini pia, lakini karafuu ndiyo iliyotangulia puani. Nikawaeleza wenzangu kuwa katika karne ya 19 Unguja na Pemba ndizo zilizokuwa zikiilisha dunia karafuu, na kwetu Wete bado wakati wa msimu huwezi kupita njiani bila kukwepa majamvi ya watu walioanika. Yule muuzaji aliposikia nilikotoka akamwita mwenzake kutoka jikoni aje aniangalie, wakanijazia kikombe tena na pesa wakakataa.

Sasa nije kwenye lililonipeleka.

Pastila ni tamutamu ya matufaha. Ukiiona utadhani ni kipande cha sponji nyepesi au cha keki iliyokauka. Ukiitia mdomoni inayeyuka, na kinachobaki ni ukali na harufu ya tunda. Wafanyabiashara wa Kolomna waliitengeneza na kuiuza karne ya 19, na jina la mji likawa halitengani na jina la pastila. Yakaja mapinduzi ya 1917, karakana zikachukuliwa, mabwana na mafundi wakatawanyika. Viwanda vya Kisovieti vilitengeneza kitu chenye jina hilohilo, cha mashine, na watu wakakizoea. Ile ya Kolomna yenyewe ikatoweka. Hakukuwa na duka wala nyumba ambayo ungeweza kwenda ukaionja.

Walioirudisha ni wanawake wawili, Natalia Nikitina na Elena Dmitrieva. Mwaka 2009 walifungua jumba la makumbusho katika nyumba ya zamani ya wafanyabiashara, mtaa wa Posad ulio nje ya ngome, wakaliita makumbusho ya ladha iliyopotea. Humo ndani hakuna vioo vya kukuzuia. Unapokewa na wenyeji waliovaa mavazi ya karne ya 19, unaketishwa mezani, unapewa chai, na pastila inakuja kwenye sahani ndogo, aina moja baada ya nyingine, kila moja na hadithi yake. Ni lazima uagize nafasi mapema. Rafiki yetu alikuwa amepiga simu wiki nzima kabla. Baadaye wakafungua na karakana ambamo unaona kazi yenyewe inavyofanyika.

Hapo karakana nilisahau kama nimekuja na watu.

Siri ya kwanza ni tunda. Wanatumia zaidi Antonovka, tufaha la kijani linaloelekea manjano, gumu na kali, ambalo mtu wa kawaida hangelichagua kula hivihivi. Lakini lina asidi nyingi na pektini nyingi, na pektini ndiyo inayogandisha. Matufaha huokwa mazima mpaka yalegee, na moto ule ndio unaoitoa pektini kwenye nyama ya tunda na ganda. Kisha hupitishwa kwenye chekeche, maganda na kokwa zikabaki juu. Rojo linalotoka ni la kahawia na zito. Hutiwa sukari, au asali kama ilivyokuwa zamani, likapigwa. Hutiwa ute wa yai, likapigwa tena. Na hapa ndipo nilipotoa macho: rangi inakimbia. Kahawia inakuwa krimu, krimu inakuwa nyeupe, na rojo lililokuwa robo ya beseni linapanda mpaka ukingoni kwa hewa iliyofungwa ndani. Siku hizi mashine inapiga. Zamani ilikuwa mikono ya watu, saa baada ya saa, wakipokezana.

Kisha hutandazwa na kukaushwa kwa moto mdogo sana, polepole. Ukiharakisha, povu linaanguka na umepata ngozi ya tunda tu. Nilimuuliza fundi aliyekuwa zamu anajuaje kama imekauka vya kutosha. Alikuwa na kipimajoto ukutani na karatasi ya kuandikia masaa. Akaniambia vyote hivyo vipo, kisha akabonyeza kipande kwa kidole cha shahada, akasikiliza. Kweli, alisikiliza. Akanipa na mimi nikabonyeza. Kuna sauti ndogo kavu inatoka, ya hewa inayopumua.

Kwangu kuna na jambo jingine. Vitamu vingi vya povu madukani vina jelatini, na mara nyingi siwezi kujua imetoka kwa mnyama gani, basi huviacha. Hii ni tufaha, sukari na ute wa yai. Nilikula bila kusoma karatasi yoyote, na starehe hiyo anaijua mwenye kuikosa.

Lakini swali lililonikaa kichwani lilikuwa la namna walivyoirudisha. Waliandikiwa nini na waliotangulia? Karatasi za zamani zinakwambia viungo. Hazikwambii rojo liwe zito kiasi gani linapoanguka kutoka kwenye mwiko, wala moto wa tanuri uwe umepoa kiasi gani ndipo utie trei. Hayo ilibidi wayatafute upya kwa kujaribu, kwa sababu walioyajua walikuwa wameshakufa. Mnyororo ulikatika kwa karibu miaka 90.

Jioni tulikwenda kwa bibi. Nyumba yake ni ya mbao, karibu na kanisa la Mtakatifu Nikola wa Posad, lenye kuta nyekundu na matao madogo yaliyopandana juu kama magamba ya samaki. Uani ana mti mmoja wa Antonovka, wa zamani, umeegemezwa nguzo mbili kwa uzito wa matunda. Alitutandikia meza chini ya mti, viazi, matango ya chumvi, uyoga, chai. Alituita "watoto" wote wanne na kumlazimisha dada wa Bujumbura aongeze sahani mara mbili, akisema madaktari hawajui kula.

Nilimuuliza kama utotoni aliwahi kula pastila ya Kolomna. Akasema hapana. Mama yake ndiye aliyekuwa akiisimulia, na mama yake mwenyewe aliionja akiwa mtoto mdogo, akawa anaitaja kila msimu wa matufaha: nyepesi, nyeupe, inayeyuka, si hii ya dukani. Bibi alikua akidhani ni maneno ya mtu mzima anayekumbuka utoto wake. Makumbusho yalipofunguliwa alikuwa ameshastaafu. Alikwenda peke yake, akakaa mezani, akatia kipande mdomoni.

"Nikalia," akasema. "Watu walidhani nimeumwa. Nilikuwa nalia kwa sababu mama alikuwa akisema kweli, na mimi sikuwa nimemwamini."

Mjukuu wake alikuwa akitutafsiria, na hapo sauti yake ikakatika. Akamalizia kaka wa Lamu.

Ami yangu ni mpishi wa halua Wete. Alijifunza kwa babu yake, na babu yake kwa mtu wa Oman. Ni wanga, sukari, samli, hiliki, zafarani, lozi, na mwiko mrefu unaozungushwa ndani ya sufuria ya shaba mpaka mabega yanawaka. Hana kipimo. Wanawe wote wawili wako Dar es Salaam kwenye kazi za ofisini, na simlaumu yeyote. Katika treni ya kurudi, ndoo ya matufaha ya bibi baina ya miguu yangu, nilimrekodia ujumbe wa sauti nikamweleza yote haya, Kolomna na yule bibi na mama yake, nikamwomba likizo ya Julai aniruhusu niingie jikoni kwake na mizani, kipimajoto na daftari.

Jibu lilifika tukiwa tumeshapita Bronnitsy. Alisema njoo na mizani yako, lakini mwiko utaushika wewe, tangu maji yanapochemka mpaka halua inapoachia sufuria, na daftari ataandika mtu mwingine. Kaka wa Lamu, aliyekuwa akisikiliza, akasema yeye ataandika. Julai na yeye yuko nyumbani, na kutoka Lamu mpaka Pemba si mbali kwa mtu aliyetoka Moscow. Tumeshaanza kutafuta tiketi.